Maîtresse Adèle na Miandiko Miwili

Kama Adèle asingekuwa mwalimu, angekuwa mlinzi wa mpaka pale Ruzizi, na hakuna ambacho kingepita. Sisi walimu wenzake tulimtania hivyo. Yeye hakucheka, alituuliza nani ameanzisha maneno hayo.

Alifundisha darasa la sita, mimi la tano, na kati yetu palikuwa na ukuta wa mbao tu, kwa hiyo somo lake nililisikia nikitaka nisitake. Kila asubuhi alianza na devoir, ile kazi ya nyumbani. Hesabu ikiwa sahihi mno, alishuku. Watoto wawili wakikosea mahali pamoja, alishuku zaidi. Hata mkono wa kushoto ulikuwa mshukiwa: ukithubutu kufanya kazi darasani, ulionja rula. Wazazi walimpenda, wakasema anawafunza watoto adabu.

Mwaka huu shuku zake zikamwangukia Gloire, binti mpole wa maman Jeanine, muuza makaa wa mtaa wa Kadutu. Devoir za Gloire zilikuwa na mwandiko wa kupendeza, herufi zimelala vizuri upande mmoja. Darasani, kwenye imla, mwandiko ulitambaa na kuanguka, na sentensi ya mwisho haikufika kamwe.

"Nani anakuandikiaka?" nilimsikia Adèle akimuuliza.

"Ni miye, maîtresse."

"Mbele yangu unaandika sawa kuku, ku nyumba unaandika sawa sekretere?"

Gloire akanyamaza. Kwa Adèle, kunyamaza ni kukiri.

Mambo yakafika kwa mkurugenzi. Akasema ikithibitika mtoto anaandikiwa, jina lake halitapelekwa kwenye mtihani wa mwisho wa shule ya msingi. Na kwa muuza makaa, mwaka ukipotea, mara nyingi shule nayo imepotea. Nilikasirika. Lakini mimi pia nilikuwa nimeiona ile miandiko miwili, na moyoni nilimshuku dada yake mkubwa.

"Tuende wawili, Benoît," Adèle akaniambia. "Minataka shahidi. Kesho wasiseme eti nilimusingizia mutoto."

Baada ya masomo tukapanda Kadutu, matope hadi kwenye vifundo. Adèle alinikataza kupiga hodi. Watu wazima, walimu, tukanyata kando ya nyumba ya watu kama wezi wa kuku. Niliona aibu, lakini sikurudi.

Gloire alikuwa peke yake uani, amepiga magoti mbele ya kiti, daftari juu yake. Hakuna dada, hakuna mtu. Aliandika haraka, ulimi umetoka kidogo, herufi zikilala upande ule ule. Aliandika kwa mkono wa kushoto.

Gloire aliinua macho akamwona Adèle. Papo hapo biki ikahamia mkono wa kulia, na ule wa kushoto akauficha nyuma ya mgongo.

"Pardon, maîtresse," akasema, machozi tayari yanamlenga. "Sitarudilia tena."

Njia nzima ya kurudi Adèle hakushuku kitu. Nilikuwa na maneno ya kumwambia, mengine makali. Nilipomtazama usoni nikayameza.

Kesho yake asubuhi, kupitia mbao zile zile, nilimsikia akimwita Gloire ubaoni.

"Andika tarehe."

Gloire akachukua chaki.

"Na mukono gani, maîtresse?"

"Ule unaandikaka nao ku nyumba."

Nikaliacha darasa langu, nikaenda kuchungulia mlangoni kwao. Gloire alikuwa akiandika, na wenzake wamekodoa macho wakiingoja rula. Adèle alisimama akiwatazama mmoja mmoja, kwa mazoea yake. Kwenye benchi la nyuma kabisa alikaa Aimée, ambaye shule nzima ilimjua kuwa ni mzito wa masomo. Polepole, bila kumwondolea Adèle macho, Aimée naye akahamishia biki yake mkono wa kushoto.