Ushuhuda Nilioutoa Mapema

Ninaikumbuka vizuri Jumapili niliyosimama mbele ya kanisa letu hapa Kiirua nikasema dawa ya chupa aliyoiuza Festus Mwiti imeniponya presha. Nilikuwa nimeinywa wiki mbili tu. Mwanangu, ukiniona navuta mguu wa kushoto, wengine watakuambia ni mapenzi ya Mungu. Mimi nakuambia ni Festus, na ni Mchungaji Murithi aliyempa kipaza sauti, na baada ya hao ni mimi.

Shule niliachia darasa la tano, lakini kwa shamba sikuwa mjinga. Mbegu mpya ya viazi ikiletwa, sikuwahi kuipanda shamba lote. Nilipanda mistari mitatu, kando nikaweka ile ya zamani, udongo mmoja, mbolea ile ile, halafu siku ya kuchimba nikalinganisha. Wote hapa tulifanya hivyo. Sasa sijui hutupata nini tukiugua. Kwa kiazi tulikuwa makini, kwa mwili tukaamini mdomo.

Na Festus mdomo alikuwa nao. Karatasi ya chupa yake ilisema dawa imethibitishwa na utafiti. Nilimpelekea daktari wa kliniki, kijana mmoja wa kutoka Embu anaitwa Njeru, akaigeuzageuza ile chupa.

"Hii siijui, mama," akasema. "Acha nikatafute. Lakini tembe zako usiache."

"Daktari mzima hujui dawa?"

Akina mama kwenye benchi wakacheka. Na yeye akacheka.

"Afadhali nikuambie sijui, kuliko nijifanye najua nikuue."

Nilirudi nyumbani nikazitupa tembe kwa choo. Nilikuwa najisikia mwepesi, nalala vizuri, nikaona huyo kijana ananichelewesha tu. Ndipo nikasimama kanisani. Watu wakapiga makofi. Wifi yangu Karimi, mke wa ndugu yangu, naye alikuwa na presha. Siku hiyo hiyo akanunua chupa tatu, na tembe zake akaziacha.

"Mimi karatasi sijaisoma," akaniambia. "Nimekuamini wewe. Ungesimama mbele za Mungu useme uongo?"

Mwezi uliofuata binti yangu alinivuta kliniki kwa lazima. Njeru akanipima, presha ilikuwa juu kuliko siku zote. Akasema ameutafuta ule utafiti kwa kompyuta, mahali madaktari wanasoma tafiti za wenzao, na akapiga hata ile namba ya kwenye chupa. Hakuupata popote.

"Lakini kanisani tumesimama watu sita kushuhudia tumepona!" nikamwambia.

"Walioinywa walikuwa wangapi?"

Sikujua.

"Na wale ambao haikuwasaidia, hao walitoa ushuhuda Jumapili gani?"

Nikazihesabu Jumapili zote kichwani, sikumkumbuka hata mmoja.

"Mama, presha haiumi. Unaweza kulala vizuri na iko juu. Mlipimwa? Mkalinganishwa na wale walioendelea na tembe?"

Hapo nikaona mistari yangu mitatu ya viazi, nikajiona mjinga. Nilirudia tembe siku hiyo. Lakini kumwambia Karimi, aibu ilinishika. Nilisema nitamwambia Jumamosi, pole pole, tukiwa wawili. Alhamisi alianguka kwenye kituo cha maziwa, mkebe mkononi. Gari halikumfikisha hospitali akiwa hai.

Festus aliimba mazishini. Kabla ya mwezi kuisha alikuwa amehamia Siakago na chupa zake. Mimi kiharusi kilinipata baadaye. Njeru alisema huenda ni ule wakati nilioacha tembe, lakini hawezi kuapa. Mimi naapa.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Mtu akikuambia dawa imemponya, usimuulize alijisikiaje. Muulize walioinywa ni wangapi wote, na wale ambao haikuwafaa wako wapi, maana wafu hawasimami kushuhudia. Uliza walilinganishwa na nani. Angalia kama huyo anayekuambia ndiye anayeuza. Akitaja utafiti, mwambie auonyeshe, na kama kuusoma hujui kama mimi, mpelekee anayejua. Daktari akikuambia hajui ila atatafuta, usimcheke. Mngojee, na tembe zako uendelee nazo. Na ukigundua uliwapotosha watu, usingoje Jumamosi. Nenda siku hiyo hiyo, hata kama utalia mlangoni.

Mungu akupe miaka mingi na miguu miwili ya kuitembelea. Akupe watu wa kukuamini, na asikufanye uwazike kwa sababu walikuamini.