Panya Aliyesahau Njia

Kwenye benchi la zahanati moja hapa Tukuyu, nilipokuwa nikisubiri zamu yangu, msichana wa chuo alikuwa akimweleza bibi mmoja jinsi ubongo unavyokumbuka njia. Bibi alikuwa amemleta mumewe, aliyekaa katikati yao kofia mapajani. Mzee alivundika ndizi shimoni, kisha akasahau shimo lenyewe liko wapi.

"Kuna kemikali inaitwa serotonini, ina vipokezi vyake ubongoni, kama milango midogo ya kuipokea," alisema msichana. "Wataalamu wakiziba kipokezi kimoja, panya wa maabara anapotea njia. Wakiziba kingine, anajifunza haraka zaidi."

Bibi aligeuza viganja juu. "Sasa wanaziba ili akumbuke, au ili asahau?"

"Inategemea kipokezi, bibi."

"Mjukuu wangu, panya wa kwangu hawajazibwa kitu. Lile shimo wamelipata, na ndizi wamemaliza. Aliyesahau ni huyu."

Mzee akainua uso. "Huyo panya wao," akauliza polepole, "akishasahau njia, nani anamrudisha kwake?"

Msichana akanigeukia. Mimi, ninayejifanya kuelewa kila jambo kila wiki katika safu hii, niliinama kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka. Bibi akachukua ile kofia, akamvika mzee, akamshika mkono.