Mkanda wa Ngozi ya Kondoo

Nilipokuwa mtoto, wakati wa Hali ya Hatari, nilimwogopa Mukunga-mbura kuliko nilivyowaogopa askari. Cucu, mama yake baba, alituambia ni mnyama anayekaa majini, na akishikwa na njaa hutoa upinde wa mvua. Tulikaa kwenye shamba la mzungu upande wa Naro Moru. Mzungu huyo, tuliyemwita Bwana, alikuwa amechimba bwawa, akanunua mashua ndogo ya tanga ya kuchezea Jumapili. Siku nyingine zote aliyeitunza na kuihamisha ni baba, ambaye hakujua kuogelea.

Bwana alipoiendesha peke yake alijifunga kamba kiunoni, ncha ya pili akaifunga kwenye mashua, ili akianguka isiende ikamwacha. Hiyo iliitwa akili.

Jioni moja upinde wa mvua ulisimama juu ya bwawa. Cucu akaketi kusuka mkanda mrefu wa ngozi ya kondoo wetu, na asubuhi akamfunga baba kiunoni kwa mikono yake.

"Maitu, mimi si mbuzi," baba alimwambia mama yake akicheka.

"Cheka tu. Mukunga-mbura hachukui mtu aliyefungwa na kitu cha nyumbani kwake. Ukipanda, hii ncha funga kwa mashua."

Nilimsindikiza nikiwa nimebeba chai yake. Bwana alikuwa bwawani na askari mmoja, mgeni huku kwetu, aliyeletwa kuhakikisha hatuli kiapo cha kuwafukuza wazungu, ambacho watu walikula wakivishwa vipande vya ngozi. Askari akauona mkanda.

"Hii ngozi ni ya nini?"

"Ni ya mama. Ya kunishika nikianguka."

"Ati ya mama! Hii ni ya kiapo. Wewe umekula!"

Baba akaonyesha kamba ya Bwana, iliyoning'inia pale pale kwenye msumari. "Kazi yake ni moja na ile, Bwana."

Bwana hata hakugeuka kuitazama. "Kata," alisema.

Askari akaukata kwa kisu, kisha baba akaamriwa apeleke mashua ng'ambo upesi. Alipofika katikati, upepo wa mlimani ukashuka. Mti wa tanga uligeuka ghafla ukampiga begani, akaanguka. Mashua ikaenda zake, tanga limejaa, naye akawa anaifuata kwa mikono. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Walipomtoa alikuwa ameshakufa. Bwana alimtazama, akatikisa kichwa.

"Kwa nini yeye hapana funga kamba?"

Leo mimi mwenyewe ni cucu, na swali hilo bado linanichemsha damu. Alikuwepo! Ni yeye aliyesema kata! Wajukuu wangu hunicheka nikimtaja Mukunga-mbura, wanasema huo ni ushirikina. Wacheke. Ushirikina wa Cucu ulimfunga mwanawe asipotee majini, na hao waliojiona wameerevuka ndio waliomfungua.

Mukunga-mbura sijawahi kumwona. Kisu nilikiona.