Pilau Iliyofungiwa na Spoila

Leo nimepakua pilau kupitia dirisha la gari, mbele ya wakwe. Mtu mzima mie!

Binti yangu Zuhura kaolewa juzi, leo tukawa tunawapelekea wakwe chakula Kimara. Sufuria la pilau tukalipakia nyuma ya stesheni wagoni ya marehemu baba mkwe wangu. Gari la enzi za Ujamaa hilo, limebeba wajawazito na maiti wa mtaa mzima bila kudai urembo.

Tukaingia ndani kuvaa.

Huku nje shemeji yangu Hamisi, fundi wa kujifundisha, akalipachika gari spoila, bawa la urembo la bati alilolikata mwenyewe. Misumari ya ribiti nusu kaigonga kwenye paa, nusu kwenye mlango wa nyuma!

Tumefika, mlango wa nyuma haufunguki. Milango ya pembeni, sufuria halipiti. Wazee wa watu wameshanawa, wanatutazama.

Nikapanda garini na baibui langu, nikawa napitisha sahani moja moja dirishani.

Mama mkwe wa Zuhura akauliza, "Dada, ndiyo mila ya kwenu Chang'ombe hii?"

"Hapana, ya Hamisi peke yake."

Mwenyewe anapapasa bati lake: "Lakini shem, si limependeza?"

Astaghfirullah. Mwiko ulikuwa mkononi.

Sufuria tupu bado limo ndani. Hamisi anasema dawa ni kukata paa.

Nyie mngemjibuje?