Sindano ya Ayeyo na Samli ya Harusi

Ilianza Jumanne saa kumi alasiri, likizo ya Agosti 1966, wakati wa vita vya shifta. Sisi wafugaji tulikuwa tumekusanywa na serikali, tusiwasaidie waasi, kwenye kijiji cha seng'enge, nje ya Garissa. Ayeyo, bibi mzaa mama yangu, alikuta sindano yake majivuni. Iliangukia motoni ikapoa polepole humo humo, ikalainika. Alipoichoma kwenye mkeka, ikapinda.

Ndiyo sindano nene aliyofumia mikeka ya nyumba ya dada yangu. Harusi Ijumaa, mkeka mmoja bado, na kwetu bibi harusi haondoki kwao bila nyumba yake ya mikeka. Mhunzi yuko ng'ambo ya seng'enge. Ruhusa ya kutoka hakuna.

"Naweza kuitengeneza," nikasema. Sijui sauti ilitoka wapi.

Shangazi akacheka. "Wallahi! Tumepeleka msichana shule, amerudi mhunzi. Nani atakuoa wewe?"

Wafugaji hawaozani na wahunzi. Masikio yangu yakawaka kwa haya.

"Mwache," bibi akamwambia, kisha akanigeukia mimi. "Ayeyo, unataka nini?" Bibi zetu hutuita vile tunavyowaita.

Nilitaka maji. Ya siku ile yalikwisha. Akaniletea samli ya nywele aliyomwekea bibi harusi.

Nikajificha nyuma ya nyumba, nikapuliza makaa. Sindano ikawa nyekundu. Nikainyoosha kwa jiwe, nikairudisha motoni, kisha nikaitosa kwenye samli. Mwalimu wa sayansi alitufundisha kwamba chuma cha pua kikiwa chekundu, chembe zake hujipanga upya. Ukikipoza ghafla zinanaswa zimebanana: kigumu, lakini chavunjika kama kijiti kikavu. Kipashe tena kidogo, zinalegea kiasi, nacho kinavumilia.

Basi nikaisugua kwa mchanga ing'ae, nikailaza juu ya kibati cha moto. Ikageuka manjano, halafu hudhurungi. Nikaiondoa kabla ya buluu, maana hapo ingelainika mno. Kama ingekatika, nyumbani hatukuwa na nyingine.

Ayeyo akaisukuma kwenye mkeka. Ikapita. Akaisukuma tena, kwa nguvu. Ikapita, imenyooka. Kisha akachota samli iliyobaki kwa vidole, akanipaka mimi nywele.

Asubuhi yake Ayeyo alipokuwa anafuma mkeka wa mwisho, shangazi akaingia na kitu ndani ya shela. Sindano yake, imepinda.

"Usimwambie mtu," akaninong'oneza.

Nikabeba makaa mpaka mbele ya nyumba, mbele ya watu, nikaanza kupuliza.