Pikipiki Iliyozoeshwa Kusimama

Fundi wa pikipiki hakuwa na ugomvi na injini. Ugomvi wake ulikuwa na wenye injini, na hakuna aliyemchosha kama mume wa dada yake. Dada alikuwa amenunua pikipiki mpya ya kusambazia maziwa. Fundi alipokwenda kuitazama aliikuta uani, imesimamishwa kwa stendi, ikinguruma tangu asubuhi. Mume alikuwa amekaa kando yake na kikombe cha chai.

"Naizoesha injini, shemeji," alisema. "Ikinguruma hivi siku tatu, italainika."

"Izoee nini? Kukaa kama wewe?"

Fundi aliizima. "Ringi za pistoni, zile zinazozuia oili isipande ikaungua, hujikalisha sawa kwa kazi ya barabarani. Ukiziacha zicheze bure hapa, silinda itateleza kama kioo, na pikipiki itakunywa oili maisha yake yote."

"Rafiki yangu ndiye aliyeniambia."

"Ana pikipiki?"

"Hana."

Dada alitoka ndani na madumu ya maziwa, uso umemshuka. "Ndiyo imeshaharibika, kaka?"

"Bado." Alimkabidhi ufunguo yeye. "Beba dumu moja tu. Ongeza mwendo, punguza, badilisha gia, kilimani usiilazimishe. Ikimaliza kilomita mia tano, niletee tumwage oili."

Dada aliondoka mbio mbio, maziwa yasije yakaganda.

"Na mimi je?" aliuliza mume.

"Wewe baki hapo hapo, shemeji. Umeshazoea."