Akina Kanyere Wanne pa Mavivi

Kutoka Kanyabayonga mpaka Mavivi hakuna golikipa wa kike kama Kanyere Jemima wa Butembo, na anayebisha alete binti yake tumpigie penalti hapa hapa. Ila mtoto huyu huota macho wazi. Akiwa shambani Kalunguta, jembe mkononi, anaona nchi za dunia zikipanda mlima ndani ya ukungu, moja nyuma ya nyingine, kila moja na namba yake mgongoni. Hiyo ndiyo orodha ya dunia ya mpira wa wanawake. Congo iko kule chini, miguu matopeni. Lakini katika ukungu wa Jemima, Congo haichoki. Wengine wanakaa kupumzika. Yenyewe inapita polepole, inasalimia, inaendelea.

"Jemima!" mama yake, Berthe, anapiga kelele. "Unalima ao unalala?"

"Mama, tumefika namba makumi ine."

"Na ku mustari ya maharagi je? Uko wa mwisho!"

Basi redio ikatoa tangazo: Kanyere, golikipa wa Butembo aliyecheza mechi ya Beni, afike uwanja wa ndege wa Mavivi siku ya nne, yaani Alhamisi, asubuhi, aende Kinshasa kujaribiwa kwenye timu ya taifa. Jina moja tu! Aliyeliandika ni Benoît, mtu wa serikali wa michezo, aliyetumwa toka jimbo lingine. Maskini, alidhani Kanyere ni jina la ukoo. Kwetu Banande ni jina la zamu ya kuzaliwa: binti akiingia duniani kwa zamu yenye jina hilo, ndiye Kanyere, atake asitake. Ita Kanyere sokoni Butembo, biashara itasimama.

Siku ya nne, ukungu ukiwa bado umelala kwenye majani ya Mavivi, Benoît akakuta Kanyere wanne na mizigo yao.

"Muko famille moja, ukoo moja?"

"Hapana, chef!"

Tiketi ilikuwa moja. Benoît akajikuna kichwa. Siku ya mechi mvua ilinyesha, golikipa akajaa tope mpaka kope. Benoît alimwona akicheza, lakini sura yake hakuijua.

"Donc, basi, kila mutu anielezee ile match."

Wa kwanza akasema alidaka penalti mbili. Wa pili, naye mbili. Wa tatu akaona mbili ni kidogo, akafikisha tatu. Ikafika zamu ya Jemima. Penalti zilikuwa zake, lakini sasa zimeshagawanywa kama ugali. Alibaki na lile bao alilofungwa, ambalo aliwaambia wote, hata padri, kwamba aliteleza.

"Na weye?"

"Miye balinifunga, chef. Mupira ilitoka mbali, ilikuwa inakuja pole pole. Hapana kuteleza. Nilikuwa naangalia mawingu. Niliona timu yetu inatembea mule ndani, inapita wengine."

"Eh, yaya!" wenzake wakaangua kicheko. "Bao ya mawingu!"

Benoît peke yake hakucheka.

"Njo weye ule golikipa," akasema. "Siku ile nilijiuliza: huyu golikipa anasoma nini kule juu?" Akatoa kalamu. "Leta majina yako yote, leo nimejifunza. Na kule Kinshasa, utaangalia mupira ao mawingu?"

Jemima akafikiri kwanza, maana uongo ulikuwa umemwishia.

"Wakati ya match, chef, nitaangalia mupira."